Kuchagua kofia ngumu ya pikipiki kwa mizunguko ya Dodoma na safari za mbali

Mtu anayeishi Nkuhungu au Area C na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, huendesha pikipiki akilitazama jua asubuhi, kwa sababu Mtumba iko mashariki ya mji, na jioni anaporudi nyumbani jua lilelile humkuta tena usoni likiwa limeshuka usawa wa macho. Kati ya safari hizo mbili kuna vumbi la kiangazi, malori ya barabara kuu ya Morogoro, na upepo wa ubavuni ambao katikati ya mwaka ni nadra kuukosa. Mtu huyohuyo, ikifika Jumamosi, huenda akafunga begi nyuma ya kiti na kuelekea Kondoa, Singida, au Iringa kwa kupitia Mtera, safari za kilometa 150 hadi 260 kwenda tu. Wengi wetu tuna kofia ngumu moja ya kufanyia kazi zote hizo, na ndiyo maana inastahili kuchaguliwa kwa utulivu kuliko ilivyo desturi yetu ya kusimama dukani dakika tano, kuuliza bei, kutazama rangi, kisha kuondoka nayo ikining'inia kwenye usukani.

Mpangilio ninaoufuata hapa ni ule nilioufikia baada ya miaka kumi na moja ya kuendesha katika kanda hii: kwanza kichwa, kisha ganda na povu, kisha alama ya ubora, na baada ya hapo barabara utakayopita. Vijiweni kofia hii huitwa helmeti au elementi. Nitaiita kofia, na msomaji atajua ninazungumzia ipi.

Kichwa chako ndicho kinachochagua

Kofia yangu ya kwanza ilikuwa kubwa. Muuzaji aliniambia, "Kaka, chukua hii, kichwa kipate kupumua," nami nikaona ameongea la maana, kwa sababu ilivalika bila shida na haikunibana popote. Miezi miwili baadaye, nikiwa nimepita Mayamaya kwenye barabara ya Kondoa, basi lilinipita likielekea mjini, na kishindo cha upepo wake kikainua kofia kutoka mbele. Mkanda ulinikaba kooni, ukingo wa chini wa kioo ukapanda hadi usawa wa macho, na kwa sekunde kadhaa niliendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia kofia isiruke. Sikuanguka. Lakini nilipoegesha chini ya mbuyu kupumzika nilielewa kwamba kofia inayoinuliwa na upepo wa basi haiwezi kubaki kichwani siku nitakapogonga lami.

Basi anza nyumbani, kabla ya kwenda dukani. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani vidole viwili juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio na kuzunguka kisogoni pale kichwa kinapojitokeza zaidi. Pima mara tatu na uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Watengenezaji wengi hulinganisha sentimeta 55 na 56 na saizi S, 57 na 58 na M, 59 na 60 na L, na 61 na 62 na XL, ila wako wanaotofautiana kwa sentimeta moja au mbili, kwa hiyo soma jedwali lililo kwenye boksi au kwenye kijikaratasi cha ndani badala ya kuitegemea herufi peke yake. Kipimo chako kikiangukia katikati ya saizi mbili, jaribu kwanza ile ndogo.

Kipimo hakimalizi jambo, kwa sababu vichwa viwili vyenye mzingo wa sentimeta 58 vinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Kuna kichwa kilichoviringana karibu kama tikiti, na kuna kilichorefuka kutoka paji la uso hadi kisogoni. Kofia ya mviringo ikivaliwa na mwenye kichwa kirefu humkandamiza kwenye paji la uso huku pembeni, juu ya masikio, ikiacha nafasi. Kofia ndefu ikivaliwa na mwenye kichwa cha mviringo hufanya kinyume chake. Maumivu hayo hayajitokezi mara moja. Huja baada ya dakika kumi na tano au ishirini, na kwa mtu anayekwenda Singida hiyo ina maana kwamba atayahisi hata kabla hajaiona Bahi. Kwa hiyo vaa kofia na ubaki nayo kichwani dukani kwa robo saa nzima, hata kama muuzaji ataanza kukutazama kwa mashaka, kisha ivue na ujitazame kwenye kioo. Alama nyepesi iliyoenea kote ni dalili njema, lakini doa jekundu lililokolea mahali pamoja, hasa katikati ya paji la uso, linakuambia kwamba umbo hilo si lako, na kuongeza saizi hakutalirekebisha.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kununua kofia ya kwanza ya kwake mwenyewe. Alivaa tatu. Ya kwanza aliipenda kwa rangi, lakini nilipomwambia atikise kichwa kama anayekataa jambo, kofia ilibaki nyuma na kichwa kikatangulia. Ya pili ilimbana paji la uso. Ya tatu ilipoingia alilalamika, "Mjomba, hii inanibana mashavu mpaka siwezi kuongea vizuri," na muuzaji akawa tayari anashusha kubwa zaidi kutoka rafuni. Nilimwomba asubiri kidogo. Nilishika sehemu ya mbele ya kofia na kuizungusha taratibu kushoto na kulia, na ngozi ya paji la uso wake ikasogea pamoja na sponji badala ya sponji kuteleza juu ya ngozi. Kisha nikamfunga mkanda, nikasimama nyuma yake, nikaingiza vidole chini ya ukingo wa kisogoni na kuivuta kofia juu kuelekea mbele kwa nguvu ya kutosha. Iliinama kidogo ikasimama. Ile ya kwanza, tulipoirudia kwa jaribio hilohilo, ilimtoka kichwani mkanda ukiwa umefungwa, na muuzaji mwenyewe akanyamaza.

Jaribio hilo la kuvuta kutoka kisogoni ndilo ninalolithamini kuliko yote, na halimgharimu mtu hata shilingi. Kofia inayotoka kwa mikono ya mjomba itatoka pia kwenye mtaro wa barabarani. Kuhusu mashavu, ni kawaida kofia mpya kuyabana kiasi kwamba ukitafuna unahisi ngozi ya ndani ikigusa meno, kwa sababu sponji za mashavuni hulegea baada ya wiki kadhaa za matumizi. Kinacholegea ni sponji peke yake, na povu gumu lililo nyuma yake halipanuki kamwe, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kofia inayokuumiza kichwani "itapanuka ukiizoea."

Wanaovaa miwani ya macho waende nayo dukani, na waone kama mikono yake inapita kati ya sponji na kichwa bila kuminywa. Wanaosuka wajaribu kofia wakiwa na mtindo wa nywele ambao huwa nao siku nyingi, kwa maana rasta zilizofungwa fundo utosini huinua kofia na kuacha paji la uso wazi. Fundo likishushwa chini kisogoni, chini ya ukingo, kofia hukaa inavyopaswa. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kisicho na mikunjo mingi, na aondoe pini zote zilizo ndani ya eneo la kofia, kwa sababu pini iliyo kati ya fuvu na kitu kigumu ni hatari.

Kinachokulinda kimejificha ndani

Watu hugonga ganda la nje kwa vifundo vya vidole na kusema kofia ni imara. Ganda lina kazi yake, iwe limetengenezwa kwa plastiki ngumu, nyuzi za kioo au kaboni: linasambaza pigo lisiangukie mahali pamoja, linazuia kitu chenye ncha kupenya, na linateleza juu ya lami badala ya kung'ang'ania. Lakini kazi kubwa zaidi hufanywa na povu gumu lililo chini ya kitambaa, la jamii moja na lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Kichwa kinapogonga chini, povu hilo hubonyea na kutumia sentimeta mbili au tatu za unene wake kukisimamisha kichwa hatua kwa hatua, badala ya kukiacha kisimame ghafla na ubongo ukajigonge ndani ya fuvu. Likishabonyea halirudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana kofia iliyopata pigo kubwa huwa imemaliza kazi yake, hata kama rangi ya nje imechubuka kidogo tu.

Inua kitambaa cha ndani, au bonyeza kwa kidole gumba kupitia kwenye sponji, na utafute povu hilo utosini, pembeni na kisogoni. Linapaswa kuwa gumu na lenye unene wa kama sentimeta mbili na nusu. Zipo kofia, na si chache, ambazo chini ya kitambaa kuna sponji laini ya godoro na baada ya hapo ganda la plastiki; hizo zinamkinga mtu na faini na vumbi, basi. Uzito nao husaidia kuzitambua, kwa kuwa kofia ya kweli inayofunika uso mzima huwa na gramu kama 1,400 hadi 1,700, na ile inayoinuka mkononi kama bakuli la plastiki haina kitu ndani.

Baadhi ya madereva huniambia kwamba kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa hakuna kofia itakayosaidia. Fikra hiyo inatokana na kuchanganya mwendo wa pikipiki na mwendo wa kichwa kuelekea ardhini. Anayeanguka barabarani bila kugonga kitu mbele yake huteleza kwa mwendo wa pikipiki, lakini kichwa chake hushuka kutoka kimo cha kama mita 1.6, na kwa kimo hicho hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilometa 20 kwa saa. Kwa pigo la namna hiyo kofia imeundwa na kupimwa, na ni pigo la kutosha kumuua mtu asiye na kitu kichwani. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, baada ya ajali yake ya pikipiki ya mwaka 1935, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wake juu ya majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki na manufaa ya kofia. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, uliounganisha tafiti nyingi zilizokuja baadaye, ulikadiria kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kusoma alama bila kudanganywa

Alama utakazokutana nazo zaidi ni mbili. Ya kwanza ni ya kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, inayojulikana kama ECE, na huonekana kama herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Chini au pembeni yake kuna namba ndefu ya kibali, na tarakimu zake mbili za mwanzo zinataja toleo la kanuni. Zikiwa 05, kofia ilipimwa kwa toleo la zamani, ambalo huiangusha kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuiachia kutoka kimo cha karibu mita 2.9. Zikiwa 06, ilipimwa kwa toleo jipya lililoongeza mapigo ya mita 6 na mita 8.2 kwa sekunde, pamoja na pigo la kuteleza linalopima jinsi kichwa kinavyozungushwa. Ukiweza kupata yenye 06, ichukue. Mara nyingi lebo hii hushonwa kwenye mkanda wa kidevuni, na herufi zinazofuata namba zina maana pia: P ni kofia ambayo sehemu yake ya kidevu imepimwa kuwa inakinga, J ni ya uso wazi, na NP ni ile yenye kipande cha kidevu kisichokinga chochote. Hiyo ya mwisho iogope, kwa kuwa kwa macho hufanana na ya uso mzima.

Alama ya pili ni DOT, ya wizara ya uchukuzi ya Marekani. Kiwango chenyewe ni kizuri, lakini mtengenezaji ndiye anayejithibitishia mwenyewe na mamlaka hukagua baadhi ya kofia baadaye, na katika masoko yetu kibandiko cha herufi tatu ni kitu kinachochapishwa popote. Kofia halali iliyotengenezwa kuanzia Mei 2013 haina herufi DOT peke yake; kibandiko chake kina pia jina la mtengenezaji, aina ya kofia, na maneno yanayotaja FMVSS No. 218, yaani namba ya kiwango hicho, na kwamba imethibitishwa. Ukikuta DOT tupu iliyobandikwa kwa gundi inayoachia pembeni, rudi kwenye kidole gumba chako na ulitafute povu. Pamoja na hizo angalia alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na uombe risiti, kwa sababu bila risiti huna pa kurudi kofia ikionekana na kasoro.

Wenye uwezo wa kuagiza kofia kutoka nje wanaweza kutazama matokeo ya SHARP, mpango wa serikali ya Uingereza unaozinunua kofia madukani, kuzipima na kuzipa nyota moja hadi tano. Jambo linalofundisha katika matokeo hayo ni kwamba zipo kofia za bei ya kati zilizopata nyota nyingi kuliko za bei kubwa. Fedha inayoongezeka juu ya kiwango fulani hununua wepesi, utulivu wa sauti na kitambaa kizuri, mambo yenye faida kwa anayesafiri mbali, ingawa usalama wenyewe hauongezeki kwa kiasi hicho.

Uso mzima, ya kufunguka, au ya uso wazi

Kwa anayetoka nje ya mji, ushauri wangu ni kofia ya uso mzima. Anayeanguka mbele mara nyingi hufikia kidevu au taya, na kofia ya uso wazi haina la kufanya hapo. Ninafahamu sababu ya watu kuipenda ya uso wazi mjini, kwa kuwa saa nane mchana mwezi Novemba, ukiwa umesimama kwenye foleni ya taa, joto huwa kali kwelikweli. Kofia ya uso mzima yenye matundu ya hewa kidevuni na utosini, na njia za hewa zilizochongwa ndani ya povu hadi kisogoni, hupunguza tatizo hilo mara tu pikipiki inapoanza kutembea. Chungulia ndani uone kama matundu yanapenya kweli, kwa kuwa kwenye kofia nyingi za bei ya chini ni mapambo yaliyobandikwa juu ya ganda.

Kofia inayofunguka kidevuni inawafaa wanaosimama mara kwa mara, kwa mfano kuzungumza na trafiki Kibaigwa, kunywa maji Gairo, au kupokea simu, kwani huinuliwa bila kuvuliwa. Huwa nzito kidogo, na lazima kitasa chake kiwe cha chuma na kifunge pande zote mbili kwa mlio unaosikika. Hakikisha lebo ina P na J kwa pamoja ikiwa unakusudia kuendesha ikiwa wazi. Kofia ya safari yenye kingo mbele, mfano wa kofia ya kepu, ninaipenda kwa barabara za vumbi za kuelekea vijijini na kwa jua la jioni, lakini kwenye lami, mwendo ukizidi kilometa 80, kingo hiyo hushikwa na upepo na kuvuta shingo. Chagua ambayo kingo yake inafunguliwa kwa mkono bila bisibisi.

Kioo, jua na vumbi letu

Kwa Dodoma ningetumia fedha ya ziada kwenye kioo kabla ya kitu kingine chochote. Kioo cha nje kiwe cheupe. Cheusi kinapendeza na kinatuliza macho mchana, lakini giza likimkuta mtu kati ya Manyoni na Bahi akiwa nacho, atalazimika ama kukiinua na kula wadudu na vumbi, au kuendesha asione ng'ombe anayevuka. Suluhisho ni kofia yenye kioo kidogo cheusi cha ndani kinachoshushwa kwa kitufe pembeni ya sikio, na kwa mtu wa Mtumba anayekutana na jua mara mbili kwa siku, hicho si anasa. Kijaribu ukiwa umevaa glavu. Kisishuke mpaka kugusa pua, na kisiache mwanya mkubwa wa mwanga chini.

Vumbi la huku lina mchanga laini ndani yake, na ukilifuta kwa mkono wa shati unachora mistari kwenye kioo ambayo mchana huioni, ila usiku kila taa ya lori hutawanyika kupitia mistari hiyo kama nyota iliyopasuka. Nimeharibu vioo viwili kwa namna hiyo. Sasa ninabeba chupa ndogo ya maji na kitambaa laini. Ninalowanisha kioo kwanza, ninaacha kitambaa chenye maji kikae juu yake dakika mbili tatu hadi uchafu na wadudu walegee, kisha ninautelezesha bila kukandamiza. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama vioo vya akiba vya aina hiyo vinapatikana na kwa bei gani, na umwombe akuonyeshe kinavyobadilishwa. Kofia isiyo na kioo cha akiba itakuwa mzigo ndani ya mwaka mmoja.

Asubuhi za Juni na Julai, na zaidi kwenye mwinuko wa Gairo, pumzi huweka ukungu ndani ya kioo. Kofia nzuri huwa na vipini viwili vidogo vya kupachika karatasi ya ndani ya kuzuia ukungu, aina ya Pinlock au inayofanana nayo, na hata ile isiyo nayo inapaswa kuwa na kioo kinachoweza kuachwa wazi kwa upenyo mwembamba bila kujifunga chenyewe.

Shingo na masikio kwenye safari ndefu

Upepo wa Singida unajulikana kiasi cha kuwavutia wapangaji wa umeme wa upepo, na mwendesha pikipiki huuhisi shingoni. Kwenye safari ya saa nne, tofauti ya gramu 200 ambayo dukani haikuonekana kuwa kitu hugeuka maumivu ya mabega. Tafuta kofia yenye mwili mwembamba usiotokeza pembe na mapambo mengi, na ukiivaa geuza kichwa kama unayetazama nyuma begani. Isigongane na kola ya jaketi wala begi la mgongoni.

Kelele ni jambo ambalo waendeshaji wetu hawalizungumzii. Kwenye mwendo wa kilometa 100 kwa saa, sauti ya upepo ndani ya kofia inaweza kufikia desibeli 100, kiwango kinachoharibu usikivu kidogo kidogo bila maumivu yoyote. Sponji nene shingoni na kioo kinachofunga vizuri husaidia, lakini dawa ya uhakika ni vizibo vya masikioni vya sponji, ambavyo hupunguza muungurumo wa upepo huku honi ya lori ikiendelea kusikika. Mjini havihitajiki.

Mkanda wa kidevuni

Kifungo cha pete mbili za chuma huchukua sekunde chache zaidi, lakini hujirekebisha kila unapofunga. Kifungo cha meno cha chuma ni chepesi kutumia na kinafaa kwa anayevua kofia mara ishirini kwa siku, mradi akikaze upya mkanda unapolegea. Cha plastiki cha kubonyeza, mfano wa begi la shule, ninakikataa. Mkanda ukishafungwa upite kidole kimoja au viwili kati yake na koo, si ngumi. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla ya kichwa kufika chini, na kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu huwa hayana kazi.

Kofia ya abiria

Anayebeba mke, mtoto mkubwa au mteja anahitaji kofia ya pili yenye ubora uleule, kwa maana lami haimbagui aliyekaa nyuma. Abiria wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa sababu ya jasho la waliotangulia na hofu ya kuharibu nywele, na ninawaelewa. Dereva mmoja wa kijiwe cha Sabasaba hubeba vikofia vyepesi vya kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni; humpa abiria kimoja kisafi, kisha humwambia, "Mama, vaa hiki kwanza, halafu hii juu," na wengi hukubali. Hufua vikofia hivyo kila jioni. Kofia yake ya abiria ni ya saizi ya kati, yenye sponji za mashavuni zinazotoka, na ana jozi nene na jozi nyembamba za kubadilishia.

Kuhusu kofia zilizotumika

Usinunue kofia ya mtumba, hata iwe ya jina kubwa, kwa sababu povu lililobonyea halionekani kwa nje na muuzaji mwenyewe huenda hajui historia yake. Ya kwako mwenyewe ibadilishe baada ya pigo lolote kubwa, au baada ya takriban miaka mitano ya matumizi, muda ambao Snell, taasisi ya Marekani inayopima kofia, nayo huupendekeza, kwani jasho, mafuta ya nywele, jua na vumbi huchosha povu, gundi na mkanda. Usiipake rangi wala kuisafisha kwa petroli au tina, kwa kuwa huishambulia plastiki. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida hutosha. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni, ambacho huchimba povu mahali pamoja, na usiiweke juu ya mfuniko wa tangi la mafuta. Ikifika nyumbani iweke kivulini penye hewa.

Mpwa wangu alipotoka dukani na ile ya tatu, tuliketi kwenye benchi nje, tukatoa sponji ya shavu la kushoto, na kwa kalamu isiyofutika akaandika kwenye upande wake wa nyuma mwezi na mwaka wa kununua, kisha akairudisha mahali pake na kufunga mkanda.